Ndege na paka nyumba moja huku Mbeya: tundu la sebuleni, chumba chao, banda la nje au nguzo ya njiwa, uchague kipi?

Naona watu wengi huku kwetu, Mbeya mjini, Uyole, Mbalizi mpaka kule Iringa na Njombe, wameanza kupenda kufuga ndege wa urembo, lavubedi, wale kasuku wadogo wa kijani na bluu, chiriku, njiwa wa kila rangi, na swali la kwanza huwa ni bei na chakula, swali la paka linakuja ndege akishafika ndani na paka kashaanza kukaa chini ya tundu anaangalia juu. Hapo ndo watu wanaanza kuuliza sasa nifanyeje. Mi nataka tulinganishe mapema kabla hela haijatoka mfukoni, maana mtu akishanunua tundu la kuning'iniza, zuri, la rangi ya dhahabu, inakuwa ngumu sana kukubali kwamba kwa nyumba yake halifai.

Na jibu la "toa paka" huku kwetu halina maana. Nyumba nyingi zina magunia ya mahindi stoo, zina maharage, zina ulezi, na panya wapo, kwa hiyo paka ana kazi yake na anaifanya. Tena ukileta ndege ndo panya wanaongezeka, maana mtama na alizeti vinamwagika chini ya tundu kila siku. Paka atabaki na ndege watabaki, kinachotakiwa ni kupanga nani anakaa wapi.

Kuna neno moja nalisikia sana, "paka wangu mpole, hana shida na ndege". Naomba tulimalize hili kwanza kwa sababu ndo linaloua ndege wengi. Paka kuwinda hakutokani na njaa. Paka aliyeshiba dagaa na ugali bado atawinda, kinachomwamsha ni kitu kidogo kinachorukaruka na kupiga mabawa. Anaweza kukaa na ndege miezi na miezi hajali, hata analala jirani na tundu, halafu siku moja ndege anashtuka usiku anapiga mabawa gizani na paka anaruka kabla hujajua kimetokea nini. Hapo huwezi kumlaumu paka, ndivyo alivyo.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba paka hahitaji kumla ndege ndo ndege afe. Mdomoni mwa paka, na kwenye kucha zake kwa sababu anajilamba, kuna bakteria anaitwa Pasteurella, kwa paka mwenyewe hana neno ila akiingia kwenye damu ya ndege anasambaa haraka sana na ndege anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mkwaruzo mdogo tu chini ya manyoya ambao hata huuoni. Ndo maana unasikia mtu anasema "paka alimgusa kidogo tu, tukamwokoa, kesho yake kakutwa amekufa, sijui presha". Sio presha. Na hata asipoguswa kabisa, ndege anayetazamwa na paka kutwa nzima hapumziki, anaacha kula vizuri, anajinyonyoa manyoya, anajigonga kwenye waya. Kwa hiyo tukisema ndege yuko salama tuna maana mbili: mkono wa paka haumfikii, na macho ya paka hayamkai siku nzima. Nitalinganisha njia nne kwa vigezo hivyo viwili, na nitaongeza cha tatu ambacho wenzetu wa Dar hawana shida nacho, baridi.

Tundu la kuning'iniza sebuleni

Hii ndo inayochaguliwa na wengi kwa sababu ni rahisi, unanunua tundu unaondoka nalo, ukihama nyumba unahama nalo, na ndege unawaona muda wote. Kwa mpangaji inavutia sana. Ila kwa nyumba yenye paka ni njia dhaifu kuliko zote nne na nalisema hili nikiwa najua kuna watu hawatalipenda.

Paka mzima akiwa amesimama sakafuni anaweza kuruka mita moja na nusu kwenda juu bila shida. Sasa sebule zetu zina nini? Kochi, kabati la tivii, meza, pazia zito la mpaka chini. Kila kimoja ni ngazi. Kuna mama mmoja jirani alining'iniza tundu juu kabisa karibu na dari, akaona kamaliza, paka akapanda pazia, kutoka kwenye bomba la pazia akarukia tundu, tundu likayumba, na ile trei ya chini ya kukusanyia kinyesi ikachomoka ikaanguka. Chini ya trei hakukuwa na waya mwingine. Ndege wawili walitokea pale chini, mmoja akapona kwa sababu aliruka juu ya kabati.

Ukiliangalia lile tundu kwa karibu unaona shida zote. Vile vilango vidogo vya kusukuma juu havina komeo, vinashuka kwa uzito wake tu, na kucha ya paka inavinyanyua vizuri kabisa. Trei inachomoka kwa mkono mmoja. Waya ni nyembamba, zikivutwa zinapanuka. Na tundu lenyewe ni dogo kiasi kwamba ndege akikimbilia upande wa pili bado mkono wa paka unamfikia, maana paka akiingiza mguu wa mbele mpaka begani anafika mbali kuliko unavyofikiri. Ndege wengi wanaopoteza vidole vya miguu wanavipoteza hivyo, ndege ameng'ang'ania waya kwa uoga na paka anakamata kidole kwa nje.

Halafu kuna hii ya baridi. Juni na Julai usiku Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10 na Njombe na Makete ndo usiseme, watu wanaingiza jiko la mkaa sebuleni ili wapate joto, wakati mwingine wanalala nalo. Moshi usioonekana wa mkaa ni hatari kwa binadamu na kwa ndege ni hatari mara nyingi zaidi, kwa sababu mapafu yao yanachukua hewa kwa kasi kubwa. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wanashuka mgodini na chiriku wa njano kwenye tundu kwa sababu hiyohiyo, ndege akianguka watu wanakimbia, na utaratibu huo uliendelea mpaka mwaka 1986. Sasa wewe unamning'iniza ndege sebuleni, juu, joto na hewa ya jiko vinapanda kwake. Na zile sufuria na kikaango zisizogandisha, zikiungua sana jikoni zinatoa hewa inayoua ndege ndani ya muda mfupi, kwa nyumba ambayo jiko na sebule vimeungana hilo nalo ulipige hesabu.

Ikiwa huna namna nyingine ila tundu, basi angalau chagua la mstatili, refu kwa upana, sio lile la duara, nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.2, kila mlango uweke klipu au kiwaya cha kukaza, trei uifunge kwa waya. Ndoano ishike kwenye mbao ya kenchi, usitoboe jipsam peke yake, haitabeba tundu linaloyumbishwa na paka. Na tundu lisikae sebuleni. Liweke chumba ambacho mlango wake unafungwa, hata kama ni chumba chako cha kulala, ili mradi paka halali humo. Ukishafanya hivyo tayari umeshaanza kuingia njia ya pili.

Chumba chao wenyewe, au kibaraza kilichozibwa

Mimi ukiniuliza nichague moja kwa nyumba ya huku kwetu yenye paka nitachagua hii, hata kabla hujamaliza swali. Sio lazima chumba kikubwa. Nyumba nyingi za Mbeya zina stoo ndogo, au kile chumba cha uani ambacho kimejaa ndoo na baiskeli mbovu, au kibaraza cha nyuma chenye kuta mbili tayari ambacho ukiziba pande zilizobaki kwa wavu unapata chumba kizima. Ndege wanaweza kukaa ndani ya tundu kubwa humo, au ukawaacha waruke chumba kizima, ambayo ndo raha yao.

Faida yake kubwa ni sheria moja tu rahisi: paka haingii humu kamwe. Hakuna "leo aingie nikiwepo". Sheria moja inafuatwa na kila mtu nyumbani, mtoto anaielewa, dada wa kazi anaielewa, mgeni unamwambia mara moja. Sebuleni huwezi kuweka sheria hiyo kwa sababu paka naye ni wa nyumbani, atakaa wapi?

Ila mlango ndo kila kitu hapo. Mtoto ataingia kuangalia ndege atatoka bila kurudisha, hilo litatokea, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu za watu. Funga springi ya mlango, zile za kawaida zinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi, mlango ujirudishe wenyewe. Halafu kwa ndani weka mlango wa pili wa fremu ya mbao na wavu, hata mwepesi, ili mtu akifungua wa kwanza awe bado amezuiwa na wa pili. Milango miwili inakulinda pande mbili, paka haponyoki kuingia na ndege haponyoki kutoka, maana ndege akitoka nje jioni ya baridi ukampoteza huko kwenye miti, kumrudisha ni bahati.

Dirisha watu wanalisahau. Grili ya nondo haizuii paka, mahali kichwa chake kinapita na mwili unapita. Nyavu za mbu za plastiki hazizuii chochote, paka anazichana kwa kucha na lavubedi anazitafuna kwa ndani. Weka wavu wa chuma, ukaze kwa fremu.

Kwa baridi, chumba kinashinda njia zote. Kuta nne na dari vinatosha, ndege mzima mwenye chakula cha kutosha na sehemu isiyopigwa na upepo anaivumilia Mbeya vizuri, kinachomuua ni upepo wa moja kwa moja na unyevu. Hakuna haja ya jiko. Weka kigodoro au ubao dirishani usiku wa Julai, inatosha.

Ubaya wake? Ndege hauwaoni muda wote, lazima uende kwao. Vumbi la manyoya na maganda ya mbegu linajaa, usafi ni wa kila siku mbili tatu, kama kuna mtu ana pumu nyumbani hilo lifikirie kabla. Na kama nyumba ni ya kupanga mwenye nyumba anaweza kukataa kuzibiwa kibaraza, ongea naye mapema.

Banda la nje

Hapa ndo kuna maneno mengi kwa sababu banda linaweza kuwa bora kabisa au likawa mtego, na tofauti yote iko kwenye wavu na mlango. Wenzetu wa Mafinga wana bahati, mbao za Sao Hill ziko mlangoni kwao na mabanzi ni bei ya chini, ila hata Mbeya na Iringa mbao za paini sio tatizo. Papi za fremu, mabanzi au mbao za kuzibia pande tatu, bati juu, wavu mbele. Fundi wa mtaani anamaliza.

Sasa wavu. Fundi ukimwachia mwenyewe ataleta wavu wa kuku, ule wa pembe sita, kwa sababu ndo rahisi na ndo aliouzoea. Ule ulitengenezwa kumzuia kuku asitoke, haukutengenezwa kumzuia mnyama mwenye kucha asiingie. Matundu yake ni inchi moja au zaidi, mkono wa paka unapita, waya wenyewe ni laini unapindika, ukishika kutu mvua mbili tatu unakatika kwa kuvutwa. Kofitrei, ule wavu wa kuanikia kahawa ambao huku kwa sababu ya kahawa ya Mbozi kila duka linaujua, matundu yake ni madogo sana na mkono wa paka haupiti, ila ni mwembamba, usipoukaza kwenye fremu yenye vipande vya karibu karibu unalegea na kusukumwa ndani. Weldimeshi ya nusu inchi ndo jibu. Waya zimechomelewa kila zinapokutana, haipanuki, haichanwi, na ndege mdogo haponyoki. Bei ni kubwa kuliko hizo mbili, sitakuficha, lakini unainunulia upande mmoja tu wa banda kwa sababu pande tatu ni mbao, kwa hiyo hesabu haiwi mbaya kiasi hicho. Ukiwa dukani pima kwa kidole gumba: kikipita kwenye tundu la wavu, achana nao.

Weldimeshi mpya ya mabati ina zinki juu, na lavubedi na kasuku wanapenda kutafuna waya, ile zinki inawapa sumu. Isugue na siki na brashi ngumu, isuuze, iache juani kwanza. Kazi ya mchana mmoja, ifanye.

Wavu mmoja wa nusu inchi unazuia mkono ila ndege aliyeng'ang'ania wavu kwa ndani bado vidole vyake vinatokeza nje, na paka anasubiri hapohapo. Wanaoweza kifedha wanaweka wavu wa pili kwa nje, wakiacha nafasi ya upana wa ile papi, na hapo kucha haifiki. Usipoweza, basi zile fimbo za kulalia ziweke nyuma kabisa, mbali na wavu, kwenye kona ya mbao, na chini mbele weka uzio mfupi wa mabanzi au miti ya miiba ya maua ili paka asipate pa kukaa akatulia.

Msingi nao. Banda lililowekwa juu ya udongo linachimbwa. Paka wenyewe hawachimbi sana, wanaochimba ni panya na nguchiro, na usiku kuna kanu, yule mnyama wa porini mdogo kama paka, ambaye anapanda na kupenya kuliko paka yeyote, hasa nyumba zilizo karibu na mabonde na miti, Iringa kule Gangilonga, huku kwetu pembezoni kuelekea milimani. Mwaga zege jembamba chini, au zika wavu sentimita 30 kuzunguka banda. Ukiwa unajenga kwa ajili ya paka wako kumbe unajenga na kwa ajili ya paka wa jirani, dume lile la mtaani ambalo hakuna anayelijua, na hao wengine wa usiku. Hapo ndo banda linatofautiana na chumba: chumbani adui ni mmoja na unamjua, nje ni wengi.

Baridi na mvua: banda uliweke mgongo upande upepo unakotokea. Iringa upepo ni kitu cha kukaa nacho kwa heshima, angalia kwanza wiki nzima unapigia upande gani kabla fundi hajachimba. Tukuyu na Rungwe kwa jumla mvua haina mwisho, zidisha bati mbele kama mita nzima ili mvua isifike kwenye fimbo za ndege. Ndani weka viota vya boksi za mbao, ndege walale humo miezi ya baridi. Na mlango uwe miwili, kile kinafasi kidogo cha kusimama mtu mmoja kati ya mlango wa nje na wa ndani, komeo la kuzungusha na sio ndoano ya kunyanyua, ndoano paka anajifunza.

Ukijenga hivyo banda linazidi hata chumba kwa raha ya ndege, jua la asubuhi wanalipata, wanaruka. Ukijenga nusu nusu, bora usijenge.

Nguzo ya njiwa

Hii ni ya njiwa tu na haina ushindani na hizo nyingine kwa sababu njiwa anatakiwa aruke na kurudi. Kanyumba ka mbao juu ya nguzo, wengi wanaijua. Paka anapanda nguzo ya mbao bila kufikiri, kwa hiyo zungushia bati laini, lisilo na mikunjo, upana kama sentimita 90, lianzie juu ya pale paka anaporukia, yaani chini yake kuwe angalau mita moja na nusu kutoka ardhini. Nguzo isiwe karibu na ukuta, paa wala mparachichi, acha mita mbili au tatu. Bati likifungwa vizuri makinda na mayai wanakuwa salama, na njiwa akishataga anaatamia kama siku 18 hivi, muda wote huo yeye na mwenzake wanapokezana na hawawezi kukimbia.

Hatari ya njiwa iko chini. Tunawamwagia mahindi uani, wanashuka wote wanashughulika, paka yuko nyuma ya pipa la maji. Usiwalishe chini. Weka meza ya kulia, juu, sehemu ya wazi isiyo na maua wala vichaka vya kujifichia. Na usiwalishe alfajiri mapema wala saa kumi na mbili jioni, hizo ndo saa za paka, mwanga hafifu yeye anaona na njiwa haoni vizuri. Walishe saa mbili asubuhi na saa kumi, paka kalala juani. Kwa baridi njiwa hana tatizo kubwa, wako wengi mpaka Makambako na Njombe. Kwa lavubedi au kasuku nguzo haifai kabisa, ukifungua tu wameondoka. Kware nao hawafai, wanakaa chini, hao ni banda au chumba.

Kuna vitu watu wanauliza kila mara kwamba je vinatosha badala ya kujenga. Kengele shingoni mwa paka inawasaidia njiwa na ndege wa nje kusikia mapema, kwa ndege aliyefungiwa haimsaidii, atasikia kengele lakini atakimbilia wapi? Na paka mwenye subira anatembea bila kuipiga. Kuhasi paka ni jambo zuri, dume anapunguza kuzurura na kupigana, mpeleke kwa daktari wa mifugo, ila hamu ya kuwinda inabaki. Kumwagia maji akisogelea tundu kunamfundisha kwamba wewe ukiwepo asisogee, ukiwa kazini anasogea. Kumlisha vizuri na kucheza naye kwa kamba jioni kunapunguza purukushani, kufanye. Hivi vyote ni nyongeza juu ya mlango na wavu.

Basi nani achague nini. Una nyumba yako na stoo au kibaraza, hata usihangaike, chumba. Una uwanja na hela ya weldimeshi, na unataka ndege zaidi ya wanne watano, banda, lakini ukianza usikate kona kwenye wavu wala milango, kama hela haitoshi subiri miezi miwili ndege hawataisha sokoni. Unapenda njiwa, nguzo yenye bati na meza ya kulia. Umepanga vyumba viwili vyenye mlango katikati, tundu la mstatili chumba cha ndani, paka alale sebuleni, na usiku mlango unafungwa. Umepanga chumba kimoja na paka unalala naye humohumo, hapo ushauri wangu wa moyoni ni usinunue ndege kwa sasa, utamtesa hata kama paka hamgusi, maana hana dakika ya kutokutazamwa.

Na unaponunua lavubedi uliza ametoka wapi. Wale wenye kichwa cheusi na shingo ya njano ni wa hapahapa kwetu, wanaonekana porini upande wa Ruaha, na kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Chukua waliozaliwa bandani na mfugaji anayeweza kukuonyesha wazazi wao, na swali la kibali uwaulize TAWA wenyewe, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Tena wa porini anamwogopa paka na binadamu sawasawa, hatulii kamwe.

La mwisho, ikitokea paka amemgusa ndege, hata damu huioni, hata ndege amesimama anaonekana mzima. Mtenge paka kwanza, funga mlango. Mchukue ndege kwa kitambaa laini bila kumbana kifua, ndege anapumua kwa kutanua kifua na ukimkaba hapo anakosa hewa. Mweke kwenye boksi dogo la karatasi ngumu lenye matundu ya hewa, giza, kitambaa chini, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo upande mmoja wa boksi ili achague joto mwenyewe. Kama damu inatoka kandamiza taratibu kwa kitambaa safi dakika chache. Usimnyweshe maji kwa nguvu, usimpe vidonge vya binadamu kwa kukisia. Mpigie afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo saa hiyohiyo, mwambie wazi "ameshikwa na paka", maneno hayo ndo yatamfanya ajue ni antibiotiki inahitajika leo na sio kesho. Ikiwa ni usiku, boksi likae chumba cha utulivu chenye joto, na asubuhi duka la dawa za mifugo likifunguliwa wewe uwe umeshafika na huyo ndege mkononi ili mtaalamu apime uzito na kumpangia dozi.